Nionyeshe mishono: tuzo ya deraya ni ya aliyeiunda

Nitaanza na hoja yenyewe, halafu mkitaka kunirushia mawe, nafasi mnayo. Tuzo ya ufundi katika mashindano ya mavazi ya wahusika wa komiki haifai kupewa mtu ambaye hakuunda vazi lake. Si tuzo ya kwanza, si ya tatu, si hata cheti cha kumtia moyo. Avae, apige picha, ashangiliwe, watoto wamkimbilie. Yote hayo ni halali yake. Lakini likitajwa neno "ufundi", akae kando apishe mafundi.

Mtauliza: wewe ni mtu wa programu, mambo ya mavazi yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Kwanza, deraya iliyoundwa kwa mkono ni kazi ya uhandisi, na nitaonyesha hapa chini kwa hesabu. Pili, ugonjwa ninaoulalamikia ndio ule ule unaotutafuna sisi wa tarakilishi: kusifu kinachong'aa bila kuuliza nani alikitengeneza.

Na ugonjwa huu si wa leo. Mchezo wa kuvaa kama wahusika siku hizi unaitwa kosplei, neno lililotoka Japani, lakini mchezo wenyewe ni mkongwe kuliko jina lake. Mwaka 1939, katika kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi mjini New York, Myrtle Douglas na Forrest Ackerman waliingia ukumbini wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo. Aliyeyabuni na kuyashona mavazi hayo ni Myrtle. Kwa miaka mingi sana anayetajwa ni Ackerman. Aliyevaa akakumbukwa, aliyeshona akasahauliwa. Tumeanza hivyo na tunaendelea hivyo.

Mhusika aliyejiundia

Sasa nichukue mfano mmoja, kwa sababu kisa chake ndicho kinachofanya jambo hili liwe kichekesho. Riri Williams, anayejulikana kama Ironheart, alitokea katika komiki za Marvel mwaka 2016. Ni msichana mweusi wa miaka 15 kutoka Chicago, mwanafunzi wa MIT, anayeichambua deraya ya Iron Man na kujiundia ya kwake kwa vifaa anavyovipata hapo chuoni. Hakurithi kiwanda cha silaha kama Tony Stark. Wengi wetu tulimjua kupitia filamu ya Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka 2022, akiigizwa na Dominique Thorne, kisha akapata mfululizo wake mwenyewe mwaka 2025.

Riri ni nani ukimwondolea uwezo wa kuunda vitu? Superman ukimvua nguo bado anapaa. Riri bila karakana ni mwanafunzi mwerevu tu kama wengine. Kuunda ndiko nguvu yake, ndiko hadithi yake yote.

Kwa hivyo mtu akiagiza vazi la Ironheart kutoka ng'ambo, likaja kwenye boksi, akalifungua asubuhi ya shindano na jioni akapewa tuzo ya ufundi, huyo hajamwigiza Riri. Amemwigiza mteja.

Kazi iliyomo ndani ya deraya moja

Wanaosema "lakini si ni nguo tu" huwa hawajaona kazi yenyewe. Binti ya shangazi yangu, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, aliunda Ironheart wake kwa wiki kumi na moja, jioni na wikendi. Mimi nilimsaidia kidogo upande wa umeme. Yaliyobaki yote ni yake. Acha nieleze hatua kwa hatua, ili tujue tunazungumzia nini.

Nyenzo kuu ni povu la EVA. Usitishwe na jina. Ndilo linalotengeneza malapa, na ndilo la ile mikeka ya watoto yenye rangi rangi inayoshikamana kama fumbo. Hapa Kenya shirika la Ocean Sole limekuwa likikusanya malapa yaliyotupwa baharini na ufuoni na kuyageuza sanamu za twiga na ndovu, kwa hivyo hatuwezi kujifanya hatujui povu linaweza kufanya nini mikononi mwa fundi.

Tatizo la kwanza ni la hisabati. Povu linakuja likiwa bapa. Mwili wa binadamu si bapa. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba uso uliopinda kama tufe hauwezi kulazwa bapa bila kunyooshwa au kuchanwa. Menya chungwa, kisha jaribu kulilaza ganda lake mezani: litapasuka. Bega ni chungwa. Goti ni chungwa. Kila fundi cherehani analijua hili kwa vidole vyake hata kama hajawahi kulisikia jina la Gauss, ndiyo maana anakata pembetatu ndogo kwenye kitambaa na kuziunganisha kingo zake ili nguo ishike umbo la kifua.

Yeye alifanya hivi: alijizungushia kiwiliwili nailoni ya kufungia chakula, juu yake akajibandika tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, akachora kwa kalamu mistari ya mahali vipande vitakapokutana, kisha mama yake akamkata atoke ndani ya ganda lile kwa makasi. Ganda likikatwa kwenye mistari na kulazwa mezani, ndilo ramani ya deraya. Kwa chapeo alitumia Pepakura Designer, programu kutoka Japani inayochukua umbo la 3D na kulikunjua kuwa vipande vya karatasi vya kukata. Nzuri sana. Lakini programu haijui mzingo wa kichwa chako wala unene wa povu lako. Chapeo ya kwanza, ya karatasi, ilikwama kwenye masikio. Akapima upya, akabadilisha kipimo, akakata tena.

Tatizo la pili ni la kingo. Ukikata povu wima, vipande viwili vikikutana vinabaki bapa. Ukitaka kona, lazima kisu kilale. Kwa kona ya nyuzi 90, kila ukingo unakatwa kwa mlalo wa nyuzi 45. Kisu kikiwa butu, povu halikatiki, linararuka. Alikuwa akinoa kila baada ya mikato michache.

Tatizo la tatu ni gundi. Inatumika ile ya manjano ya mafundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unangoja kama dakika kumi mpaka isishike kidole, ndipo unabandika. Na ukishabandika umeshabandika. Hakuna kusogeza kidogo kushoto. Gundi nyingi za aina hii zina toluini, ambayo mvuke wake si wa kuchezea. Barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke huo. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, au angalau ufanye kazi nje penye upepo. Yeye alifanya kazi barazani, na majirani wakapata la kuzungumza.

Tatizo la nne ni joto. Kuna mashine ya kupuliza hewa moto, inafanana na ya kukaushia nywele lakini ni kali zaidi. Ukiipitisha juu ya povu, vitundu vya juu vinajifunga na uso unakuwa laini, na kwa sekunde chache unaweza kulikunja juu ya goti lako likapoa na umbo hilo. Zidisha sekunde tatu, limeungua. Baada ya hapo tabaka kadhaa za gundi nyeupe ya mbao ili rangi isinywewe, msasa mwepesi, halafu ndiyo rangi yenyewe, na mwisho fedha kidogo kwenye kingo ili ionekane chuma kilichokwaruzwa vitani.

Tatizo la tano, la umeme, ndilo langu kidogo. Taa ya kifuani ni taa za LED za buluu, kila moja inakula takriban volti 3.2. Betri yetu ni ya volti 9. Ukiunganisha tatu kwa mstari zinataka volti 9.6, hazitawaka vizuri. Mbili zinataka 6.4, zinabaki 2.6, na rezista ya omu 150 inaruhusu takriban miliampea 17. Salama. Rudia jozi hizo mpaka duara lijae. Vifaa vyote vilipatikana Luthuli Avenue, kwa kutembea duka kwa duka.

Kinga ya uso ilitakiwa ifunguke yenyewe. Tukatumia mota ndogo ya servo aina ya SG90, ambayo kwa volti 4.8 ina nguvu ya takriban kilo-sentimita 1.8. Kinga ya povu ilikuwa na gramu 60, na uzito wake ulikuwa kama sentimita 10 kutoka kwenye bawaba. Gramu 60 mara sentimita 10 ni kilo-sentimita 0.6. Mota inacheka. Kinga hiyo hiyo ingekuwa ya plastiki nzito ya gramu 200, ingehitaji 2.0, na mota ingetetemeka pale pale bila kuinua kitu. Kwa hivyo povu halikuwa chaguo la maskini. Lilikuwa jibu sahihi la swali la uhandisi.

Kisha ajabu: kila mota ilipoanza, kidhibiti kidogo cha Arduino kilijizima na kuwaka upya. Binti yule ndiye aliyegundua sababu, si mimi mwenye digrii. Mota ikianza huvuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti inashuka, kidhibiti kinadhani umeme umekatika. Akaipa mota betri yake yenyewe, akaunganisha waya wa hasi wa pande zote mbili, akaongeza kapasita. Ikatulia.

Na tatizo la sita, ambalo picha haliwezi kulionyesha: lazima binadamu atembee ndani yake. Apande ngazi. Aketi. Aende msalani. Viwiko na magoti vikaachiwa nafasi, vikashikwa kwa lastiki na vifungo vya mikoba ya mitumba kutoka Gikomba. Alivaa akazunguka uwanja mara tatu, akarudi na orodha ya mahali panapokwaruza, akakata upya.

Hiyo ndiyo "nguo tu".

Yaliyotokea

Shindano lenyewe sitalitaja, maana tatizo si la shindano moja. Majaji watatu walikaa mbali na jukwaa. Kila mshiriki alipewa kama dakika moja ya kutembea, kugeuka na kupunga mkono, muziki ukipiga. Hakuna jaji aliyesogea karibu. Hakuna aliyegusa chochote wala kuuliza swali. Tuzo iliyoandikwa "Ufundi Bora" ikaenda kwa deraya ya kiwandani. Na mshindi, kwa uungwana wake, alipopewa kipaza sauti alisema wazi kwamba aliinunua. Majaji wakacheka, ukumbi ukacheka, akakabidhiwa zawadi.

Sina kinyongo naye hata chembe. Hakudanganya mtu. Kinyongo changu ni kwa waliosikia kwa masikio yao na bado wakatoa.

Tulipokuwa kwenye matatu tukirudi, binti yule akiwa ameipakata chapeo yake, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaka, mwakani si afadhali nichange pesa ninunue tu?"

Hilo swali ndilo lililonifanya niandike. Hakuwa analia wala hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga hesabu. Ameangalia kilichotuzwa na kisichotuzwa, akatoa jibu sahihi kwa kanuni alizoonyeshwa. Tumemfundisha kwamba wiki kumi na moja za kupima, kukata, kuunguza, kulehemu na kurekebisha zina thamani ndogo kuliko kubonyeza kitufe cha kulipia. Nchi inayolia kila siku kwamba haina mafundi wa kutosha inamfundisha fundi wake aache.

Hoja za upande wa pili

Najua majibu yenu, nimeshayasikia. Tuyapitie.

"Ni burudani tu, usichukulie kwa uzito." Sawa. Basi iiteni tuzo ya burudani. Tuzo ya vazi linalopendeza, tuzo ya aliyeigiza vizuri, tuzo ya kipenzi cha ukumbi. Zote nitazipigia makofi. Mkishaandika "ufundi" kwenye kikombe, nyinyi wenyewe ndio mmeleta uzito.

"Si kila mtu ana muda au kipaji cha kuunda." Kweli kabisa, na ndiyo maana ufundi hutuzwa. Si kila mtu ana mapafu ya kukimbia marathoni, lakini hatumpi medali aliyefika kwa bodaboda.

"Ukikataa ya kununua, ukatae na printa ya 3D." Hapa ndipo hoja ina mwili, tuijibu vizuri. Taji la Malkia Ramonda katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 lilichapwa kwa printa ya 3D. Umbo lake limetokana na isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Ruth Carter, mbunifu wa mavazi, alimshirikisha Julia Koerner, msanifu anayejua uchapaji huo, wakalichora na kulisanifu wao mpaka likakaa kichwani kama taji. Mwaka 2019 Carter akapata Oscar ya mavazi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Nani atasema hapo hakukuwa na ufundi? Printa ni chombo kama cherehani.

Tofauti iko kwenye swali: wewe ulifanya nini? Aliyechora umbo mwenyewe, akalikata likae kwenye kichwa chake, akachapa, akapiga msasa mpaka mistari ya tabaka ikapotea, akakumbuka kwamba plastiki ya PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi na kwa hivyo asiiache ndani ya gari juani, huyo ni fundi. Aliyepakua faili la mtu, akamlipa mtu alichape na mtu wa tatu alipake rangi, ni msimamizi wa mradi. Msimamizi mzuri pengine, lakini tuzo yake iko kwenye ukumbi mwingine.

Sisi wa programu tunalielewa hili kirahisi. Hakuna anayeandika kila kitu kutoka sifuri. Tunatumia maktaba za wengine na hakuna aibu. Lakini kwenye mahojiano ya kazi ukiulizwa "sehemu yako ni ipi?", lazima uwe na jibu. Ukileta msimbo wa mtu mwingine ukauita wako, hiyo haiitwi kutumia maktaba. Ina jina lingine.

"Hata filamu zina timu nzima, hakuna anayeunda peke yake." Ndiyo, na majina ya timu hiyo hupita kwenye skrini mwishoni mwa filamu, orodha ndefu mpaka wahudumu wanaanza kufagia bisi. Sidai mtu afanye kazi peke yake. Nadai majina yapite kwenye skrini.

"Majaji hawawezi kujua nani ameunda." Wanaweza, tena kwa dakika tano. Muulize kwa nini hapa ukingo umekatwa mlalo na pale wima. Muulize gundi ilingojewa muda gani. Muulize ni sehemu gani ilishindwa kwanza na akaitatua vipi. Aliyeunda hatanyamaza, itabidi umkatize. Aliyenunua atakuonyesha jinsi zipu inavyofungwa.

Ninachotaka kifanyike

Kulalamika bila pendekezo ni kelele, kwa hivyo haya hapa.

1. Tenganisheni tuzo. Kuwe na ya uigizaji na mwonekano, wazi kwa wote, hata vazi likiwa la kununua, la kukodi au la kuazima. Na kuwe na ya ujenzi, kwa walioijenga kazi yao.

2. Kila anayeingia upande wa ujenzi alete historia ya kazi. Picha kumi zinatosha: ramani ya karatasi, povu lililokatwa, kipande kilichoharibika, waya kabla hazijafichwa. Wenzangu wa programu, hii ni Git kwa povu. Historia ya mabadiliko ndiyo ushahidi kwamba kitu kilikua, hakikuokotwa. Kila mtu ana rununu yenye kamera, kwa hivyo hakuna kisingizio.

3. Karatasi moja ya maungamo. Nini nimeunda, nini nimenunua, nini kimechapwa, nani alinisaidia na wapi. Kwenye karatasi ya binti yule mimi ningeandikwa mstari mmoja: "hesabu za taa za kifuani". Ningeridhika kabisa. Atakayeandika uongo aondolewe.

4. Deraya ikaguliwe mezani, vuliwe kabisa, igeuzwe ndani nje. Nje kunaweza kudanganya kwa rangi. Ndani hakudanganyi. Ndani kuna mishono, waya, gundi na marekebisho ya saa nane za usiku.

5. Na hili ndilo ninaloling'ang'ania: badilisheni majaji. Mtu maarufu wa mtandaoni abaki kwenye tuzo ya mwonekano. Kwenye tuzo ya ujenzi mleteni fundi cherehani, fundi viatu, na mmoja wa wale wafua mabati wa jua kali kule Kamukunji, ambao kutwa wanalikunja bati bapa kuwa sanduku, karai na jiko. Hao hawajui Ironheart ni nani na hawahitaji kujua. Mpe mmoja wao chapeo aishike, aizungushe mara moja mkononi, na ndani ya nusu dakika atakwambia nani ameiunda na nani ameibeba tu. Isitoshe vijana watagundua kwamba maarifa waliyoyatafuta kwenye video za Wamarekani yako umbali wa nauli moja ya matatu.

Na sisi je?

Kabla wenzangu wa programu hamjapumua, niseme na sisi. Ni mara ngapi tumekaa kwenye mashindano ya ubunifu wa kidijitali, zawadi ikaenda kwa slaidi nzuri na programu isiyofunguka, huku vijana waliokesha wakiandika kitu kinachofanya kazi wakiambiwa "mwonekano haukuvutia"? Ni deraya ile ile ya kununua. Jaji aliyekaa mbali na jukwaa ni yule yule asiyefungua msimbo. Ukumbi unaocheka ni ule ule. Kisha tunashangaa kwa nini mifumo inaanguka siku ya kwanza ya kazi. Haikuwahi kuvaliwa ikazungushwa uwanja mara tatu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Walijua tuzo ya namna hii inaishia wapi. Siku itakuja inayotaka mtu anayejua ndani ya chapeo kuna nini: mota imegoma, mfumo umezima, daraja limepasuka. Siku hiyo kikombe cha kabatini hakitasaidia. Atatafutwa mwenye vidole vyenye gundi, na kama tulishamkatisha tamaa akaacha, tutaagiza na yeye kutoka ng'ambo, kwenye boksi.

Waandaaji, wengi wenu mnafanya kazi hii kwa mapenzi na kwa pesa zenu, nawaheshimu kwa hilo. Siwaombi ukumbi mkubwa wala zawadi nono. Naomba meza moja, taa nzuri, na jaji mwenye mikono migumu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Unayeunda kitu chochote sasa hivi, chapeo, ngao, mkono wa roboti au nyundo ya Thor ya povu la mkeka wa mtoto, piga picha kila hatua, hasa iliyoharibika. Ziweke. Na kama unaona nimekosea, andika hapo chini. Ila kama unakuja kutetea deraya ya boksi, uje na karatasi yako ya maungamo mkononi.